Bakshishi ya rubani ingeishia mfukoni mwa nani?

WAZO la kumpa rubani bakshishi husemwa zaidi kwa utani. Abiria anateremka, rubani amesimama mlangoni na kofia yake, na mtu anauliza: mpagazi aliyebeba begi kapata dola 2, mbona huyu aliyeifikisha ndege salama hapewi kitu? Utani huo ulipata makali nchini Marekani baada ya mwaka 2001, pale mashirika makubwa ya ndege yalipoanza kupunguza mishahara ya marubani wao. Kwa mfanyabiashara na mwenye hisa chache, hata hivyo, suala lenyewe si la mzaha. Linahusu nani hulipa shirika linapoyumba, na nani huchukua fedha mpya zinapoingia.

Viwango vilivyokatwa havikuwa vidogo. Mwaka 2003 marubani wa American Airlines walikubali kupunguziwa asilimia 23 ili kampuni isiende mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Wino haujakauka, ikabainika kuwa wakubwa wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wamejiwekea malipo ya pekee, pamoja na mfuko wa kulinda pensheni zao iwapo kampuni ingefilisika. Mkurugenzi Mkuu, Donald Carty, alilazimika kujiuzulu Aprili mwaka huo.

Marubani wa Delta walifuata mwishoni mwa mwaka 2004 kwa kukubali punguzo la asilimia 32.5. Punguzo hilo halikuiokoa kampuni, kwani Septemba 14, 2005 Delta iliomba kinga ya mahakama, siku moja na mshindani wake Northwest. Mwaka 2006 marubani hao hao wakapunguziwa asilimia 14 nyingine. Northwest nayo, mwaka huo wa 2006, iliwagawia wafanyakazi waliokuwa wakipunguzwa kijitabu chenye mbinu za kubana matumizi, mojawapo ikiwa ni kutoona haya kuokota kitu kizuri kwenye takataka. Kampuni ililazimika kuomba radhi.

Mshahara ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni pensheni. US Airways ilivunja mfuko wa pensheni wa marubani wake mwaka 2003, na United ikaivunja mifuko yake mwaka 2005. Mzigo ulihamia kwa PBGC, chombo cha serikali kinachodhamini pensheni za makampuni binafsi, ambacho kina kikomo cha kiasi kinachoweza kulipwa kwa mtu mmoja. Kwa mhasibu, kikomo hicho kinaweza kutosha. Kwa rubani aliyezoea mshahara mkubwa, tofauti ilikuwa kama ya nyumba na kibanda.

Aliyelieleza jambo hili hadharani kuliko wengine ni rubani Chesley Sullenberger wa US Airways, aliyeitua ndege yake juu ya mto Hudson, New York, Januari 15, 2009, na watu wote 155 wakatoka hai. Februari 24 mwaka huo alikwenda mbele ya Bunge la Marekani. Wabunge walitazamia kusikia habari za mto. Yeye akawaeleza kuwa mshahara wake ulikuwa umepunguzwa kwa asilimia 40, kwamba pensheni yake ilivunjwa, na kwamba hamjui rubani hata mmoja wa mashirika ya ndege anayetaka watoto wake waifuate kazi hiyo.

Kati ya siku ile ya mtoni na siku ile ya bungeni kulitokea ajali. Februari 12, 2009 ndege ya shirika dogo la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema chanzo ni nahodha kuchukua hatua isiyo sahihi baada ya onyo kwamba ndege inapoteza mwendo wa kuiweka hewani. Lakini kikao cha Mei 2009 kilielezwa pia kuwa rubani msaidizi alikuwa akilipwa kiasi cha dola 16,000 kwa mwaka (kampuni baadaye ilitaja kiasi cha juu zaidi), kwamba alikuwa akiishi Seattle, upande wa pili wa bara, na kwamba usiku wa kuamkia safari aliupitisha akisafiri kwa ndege ili afike kazini.

Hesabu za kofia

Sasa bakshishi yenyewe. Chukulia ndege ya abiria 150, nusu yao wakubali kutoa dola 2 kila mmoja. Hiyo ni dola 150 kwa safari, na marubani wawili wakigawana kila mmoja anapata 75. Akiruka safari 45 kwa mwezi, ni dola 3,375. Si haba.

Chukulia pili ndege ndogo ya mikoani yenye abiria 50. Kwa masharti yale yale kila rubani anapata dola 25 kwa safari. Lakini ndege hizi huruka mara nyingi kwa umbali mfupi, na kwa safari 60 atakusanya dola 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya zile 16,000 zilizotajwa kwenye kikao.

Tatu, ndege kubwa ya kuvuka bahari yenye abiria 300. Kofia ingejaa dola 300, ila marubani ni watatu au zaidi kwa sababu ya urefu wa safari, na kwa mwezi huenda wakaruka mara 6 tu. Kila mmoja angeondoka na dola 600 kwa mwezi. Rubani mwenye uzoefu na dhamana kubwa kuliko wote ndiye angepata kidogo kuliko wote, na yule aliyeanza kazi juzi angeishi kwa kofia.

Hapo ndipo mfanyabiashara yeyote ataona mchezo unakoelekea. Mwajiri anayejua kuwa kijana wake anaokota dola 18,000 kwa mwaka mlangoni hatampandishia mshahara mkataba ukiisha. Juni 2024 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikadiria faida ya mashirika kuwa dola 6.14 kwa kila abiria baada ya gharama zote. Dola 2 za bakshishi ni karibu theluthi ya faida hiyo. Fedha za kiasi hicho haziachwi ziambae bila mwenye duka kunyoosha mkono.

Mfano upo, na ni wa zamani. Kampuni ya Pullman, iliyokuwa na mabehewa ya kulala kwenye reli za Marekani, iliwaajiri maelfu ya wahudumu weusi kwa mshahara mdogo ikijua kuwa abiria wataujaza. Mwaka 1915 tume ya serikali ilielezwa kuwa mhudumu alianzia dola 27.50 kwa mwezi, na dawa ya kung'arishia viatu vya abiria aliinunua mwenyewe. Bakshishi ya abiria ilikuwa ruzuku kwa wenye hisa wa Pullman. Chama chao kiliundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na mkataba wa kwanza ukapatikana mwaka 1937, miaka 12 baadaye.

Sheria ya Marekani yenyewe imeuweka mtindo huo kwenye maandishi. Kima cha chini cha serikali kuu kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa tangu mwaka 1991, wakati cha wengine ni 7.25 tangu mwaka 2009. Atakayekaribisha kofia mlangoni aisome kwanza tofauti hiyo. Punguzo la kodi ya bakshishi lililopitishwa Marekani mwaka 2025 nalo limewekewa sharti kwamba kazi iwe na desturi ya kupokea bakshishi hadi mwisho wa mwaka 2024, desturi ambayo rubani wa safari za kawaida hana.

Wanaopanda au kufanya kazi Mlima Kilimanjaro hawahitaji kuhadithiwa. Mgumu anayebeba mzigo hadi kambini hutegemea sana bakshishi inayogawiwa siku ya mwisho, na kampuni inayouza safari kwa bei ya kutupa ndiyo mara nyingi huacha mgeni aimalizie mishahara yake. Shirika la KPAP lilianzishwa mwaka 2003 kushughulikia ujira na hali ya wagumu hao.

Ndani ya usafiri wa anga jambo limekwisha jaribiwa pembeni. Shirika la Frontier la Marekani liliruhusu wahudumu wa ndani ya ndege kupokea bakshishi abiria anaponunua kinywaji, na chama cha wahudumu kikapinga kikisema kazi yao ya kwanza ni usalama. Hoja hiyo ina uzito zaidi chumba cha mbele. Abiria hutoa fedha akifurahi, na hufurahi akifika kwa wakati na akitua kwa ulaini. Lakini uwanja ukiwa umelowa, marubani hufundishwa kuigusisha ndege ardhini kwa uthabiti ili magurudumu yasiteleze juu ya maji. Rubani anayeikwepa dhoruba na kutua mji mwingine, au anayekataa kuondoka kwa sababu taa moja inawaka vibaya, angerudi nyumbani na kofia tupu. Huyo ndiye ambaye kila abiria, akiwa na akili timamu, angetaka alipwe.

Wenye hisa walipata nini?

Imani iliyozoeleka sokoni ni kwamba mishahara ikikatwa, hisa zitanenepa. Rekodi ya miaka ile haikubaliani nayo. Mwaka 1994 wafanyakazi wa United, marubani wakiwemo, walikubali kupunguziwa malipo kwa kubadilishana na asilimia 55 ya hisa za kampuni. Hisa ilifika karibu dola 100 mwaka 1997. Desemba 2002 United iliomba kinga ya mahakama hisa ikiwa takriban dola 1, na ilipotoka Februari 2006 hisa za zamani zilifutwa kabisa. Wale marubani walipoteza mshahara kwanza, hisa zilizokuwa badala ya mshahara zikafuata, na mwisho pensheni. Wenye hisa wa zamani wa Delta nao waliambulia patupu mwaka 2007. Wa American walipata chochote mwaka 2013 kampuni ilipoungana na US Airways, jambo ambalo ni nadra.

Kisha gurudumu likageuka. Baada ya ajali ya Buffalo sheria iliongeza saa za kuruka zinazotakiwa kwa rubani msaidizi hadi 1,500 kwa walio wengi, kuanzia mwaka 2013. Vijana walikuwa wameiona kazi hiyo haina malipo, na wakati wa Uviko mwaka 2020 mashirika yakawastaafisha wazee mapema. Abiria waliporudi, marubani hawakutosha. Mwaka 2022 mashirika madogo yaliyo chini ya American yalipandisha malipo ya rubani anayeanza hadi dola 90 kwa saa, na Machi 2023 marubani wa Delta walipata mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne. Hakuna kofia iliyopitishwa. Uhaba ndio uliofanya kazi hiyo.

Kwa soko la Nairobi somo lilikuja kwa njia nyingine. Kenya Airways, iliyoorodheshwa mwaka 1996, ilibadilisha madeni kuwa hisa mwaka 2017. Serikali ikabaki na asilimia 48.9, mabenki yakapata 38.1, na KLM iliyokuwa na zaidi ya robo ikashuka hadi 7.8. Wenye hisa wadogo walibanwa kwenye kona. Novemba 2022 marubani waligoma kwa siku kadhaa, dai kubwa likiwa michango ya mfuko wao wa akiba ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa Uviko, na safari nyingi zikafutwa hadi mahakama ilipowaamuru kurudi kazini.

Hisa zenyewe hazikuuzwa wala kununuliwa sokoni tangu Julai 2020 hadi Januari 2025. Kampuni ilitangaza faida ya Sh. bilioni 5.4 za Kenya kwa mwaka 2024, ya kwanza kwa miaka 11, lakini nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya Sh. bilioni 12. Sababu kubwa iliyotolewa ni ndege tatu aina ya Boeing 787 zilizokaa chini kwa kukosa injini.