Kichanga anaposhtuka: mama msafiri aangalie nini?

RUMONGE. Injini ya boti ikinguruma ghafla, kichanga aliyelala mapajani mwa mama muuza mawese hurusha mikono pande zote, vidole wazi, kisha huikusanya kifuani na kulia. Jirani mmoja atasema mtoto ameona kitu. Mwingine atanong'ona: degedege.

Mara nyingi si lolote kati ya hayo. Daktari wa watoto Ernst Moro aliueleza mshtuko huo mwaka 1918, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mtoto huzaliwa nao, kama anavyozaliwa akijua kugeukia titi akiguswa shavu na kukaza kidole unachomwekea kiganjani. Vitendo hivyo huongozwa na shina la ubongo na uti wa mgongo. Ubongo wa juu unapokomaa huvizima. Mshtuko wa Moro kwa kawaida hutoweka kati ya miezi 4 na 6.

Kwa hiyo wakati ndio unaosema. Mtoto mchanga asiyeshtuka kabisa anahitaji kupimwa, na vilevile wa miezi 7 anayeendelea kushtuka hivyo. Akirusha mkono mmoja tu, huenda mshipa wa fahamu wa bega uliumia au mtulinga ulivunjika wakati wa kuzaliwa.

Na degedege je? Ushike taratibu mkono unaotetemeka. Mtetemo wa kawaida wa kichanga hukoma. Degedege huendelea, pengine macho yamekodoka upande mmoja au midomo imebadilika rangi. Hapo biashara isubiri, hospitali kwanza.

Tatizo la wasafiri wetu ni karatasi. Tangu Mei 2006 Burundi inawatibu bure watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, lakini mama akishapita Mugina na kuingia Manyovu, au akivuka ziwa kwenda Baraka, anakutana na muuguzi asiyemjua mtoto. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi cha uasilia, nacho hakisahauliki. Kadi ya kliniki ndiyo inayobaki nyumbani.

Iwekwe mfuko mmoja na cheti. Ikipotea, mama amweleze muuguzi kwa Kiswahili mambo matatu: mtoto alilia mara tu alipozaliwa au alichelewa, alikaza shingo mwezi wa ngapi, na bado anashtuka au ameacha.