Aliyelipa Studio Hajanunua Wimbo

Kila wiki swali ni lile lile kutoka kwa vijana wa Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo: “Mimi ndiye niliyelipa studio, si wimbo ni wangu?” Si wako peke yako. Na kama unaota wimbo huo usikike kwenye filamu kubwa, imani hiyo ndiyo itakayokufungia mlango.

Chukua “Opps”, wimbo wa rapu wa albamu ya filamu ya Black Panther, iliyotoka Februari 2018. Vince Staples wa Marekani yumo pamoja na Yugen Blakrok wa Afrika Kusini, na wimbo unasikika magari yanapofukuzana mjini Busan. Ili wimbo uingie kwenye filamu, zinatakiwa ruhusa mbili: ya utunzi, yaani maneno na muziki, na ya rekodi yenyewe. Risiti ya studio haitoi ruhusa ya utunzi, hata iwe ya dola ngapi.

Sheria yetu ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 inamtambua mtunzi kwa kazi aliyoibuni. Mmoja akiandika mistari kwa Kibembe, mwingine akatunga kiitikio kwa Kiswahili, wa tatu akatengeneza biti, hao watatu ni watunzi. Aliyegharimia kurekodi anaweza kuwa na haki juu ya rekodi. Maneno ya wenzake hajayanunua. Anayenunua mafuta ya mashua ya kuvulia ndakala hudai fungu lake la samaki, hajimilikishi nyavu za wenzake.

Nimechoka kuona nyimbo nzuri zikifia hapa. Mwenzako amekutumia sauti yake kwa WhatsApp kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Umeichanganya, umeweka jina lako peke yako, umesambaza. Kesho akija mtu wa filamu, mwenzako akikataa, hakuna mkataba. Ana haki ya kukataa, na ana haki ya jina lake kutajwa. Tusiite ujanja kitu ambacho ni dhuluma.

La kufanya ni jepesi. Kabla ya kutoka studio, andikeni karatasi ya mgao: jina kamili la kila mmoja, alichotunga, asilimia yake ya utunzi, jumla 100. Rekodi iandikiwe mgao wake pembeni. Tarehe, simu, sahihi. Aliye mbali atie sahihi na kutuma picha. Biti ya “bure” ya YouTube? Soma masharti, mara nyingi hairuhusu biashara. Nunua leseni inayotaja filamu, au mtafute fundi wa biti hapo hapo mjini. Omba mafaili ya kila sauti na kila ala, uyahifadhi sehemu mbili. Ulizieni SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, kuhusu kujiandikisha. Yeyote akikataa kutia sahihi, msitoe wimbo.