Dadu Mezani, Mgonjwa wa Kubuni: Mchezo wa Kuigiza Dharura Wakati wa Chakula cha Mchana

Katika Ufipa, safari ni sehemu ya ugonjwa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi yako chini yake kwa takriban mita 1,000. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huko Mtowisa, bondeni, au Kirando, mwambaoni, hana budi kupandishwa hadi juu ya uwanda ndipo aifikie hospitali ya rufaa ya mkoa. Yanayotendeka katika zahanati kabla gari halijafika ndiyo yanayoamua mengi. Hata hivyo, muuguzi wa zahanati ndogo anaweza kukaa miezi bila kukutana na dharura ya namna hiyo. Kisha ikamjia usiku, mvua ikinyesha, naye ana mhudumu mmoja tu wa kumsaidia. Ustadi unaohitajika mara chache ndio unaosahaulika upesi.

Makala haya yanaeleza njia moja nyepesi ya kuulinda ustadi huo: mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani, pamoja na wafanyakazi wenzetu, katika mapumziko ya mchana. Vifaa vyake ni dadu moja, karatasi chache, na watu wanne au watano walio tayari kusema, "Sasa mimi ni fulani."

Mchezo wa aina hii una historia ndefu. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia aliyeitwa von Reisswitz aliwasilisha mchezo wa kivita uliotumia ramani, dadu na mwamuzi, ili maofisa wajizoeze kufanya uamuzi wakiwa na habari pungufu. Miaka 150 baadaye, yaani 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji huwa mhusika mmoja wa hadithi na mmoja wao huwa msimulizi anayeeleza jinsi dunia inavyoyajibu matendo yao. Katika tiba, daktari wa neva Howard Barrows wa California alianza mwaka 1963 kuwafundisha watu wenye afya kujifanya wagonjwa mbele ya wanafunzi wa udaktari. Nasi huku hatuhitaji kufundishwa kwamba hadithi ni mali ya wengi: anayesema "Paukwa" haendelei mpaka aitikiwe.

Ushahidi unaonishawishi zaidi, hata hivyo, unatoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2010 wafanyakazi wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwa mdoli wa mafunzo, walifanya vizuri kuliko awali; lakini katika chumba cha kujifungulia utendaji wao haukubadilika. Kilicholeta mabadiliko ni utaratibu ulioanza mwaka uliofuata: mazoezi ya dakika chache tu, mara kwa mara, palepale wodini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango mpana zaidi uliojengwa juu ya uzoefu huo, katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano (Rukwa haimo), ulitolewa taarifa mwaka 2025: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Tafiti hizo zilihusu midoli, si dadu. Ninachokichukua kutoka kwake ni kipimo cha muda: kidogo, mara nyingi, mahali pa kazi.

Mchezo unavyokwenda

Tuseme kuna zahanati ya kubuni ukingoni mwa uwanda, mwezi Februari, njia imejaa tope. Mmoja ni msimulizi. Wengine wanagawana nafasi: muuguzi, mhudumu, mama mkwe wa mzazi, dereva, na daktari wa zamu anayepigiwa simu. Msimulizi anaanza: "Mama wa miaka 24, uzazi wa tatu, amejifungua dakika kumi zilizopita. Kondo limetoka. Shuka lililo chini yake limelowa. Mnafanya nini?"

Kuanzia hapo kila mchezaji husema anachofanya, kwa jina la kitendo na kwa kiasi cha dawa. "Nampa dawa" haitoshi. Dawa gani, kiasi gani, kwa njia gani? Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa shuka la plastiki lenye alama, na hatua za matibabu zikitolewa kwa pamoja badala ya kusubiriana, matokeo mabaya ya kutokwa na damu hupungua kwa asilimia 60. Hatua hizo ni kuukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksami, maji ya mshipani, na kumchunguza mama ili kujua damu inatoka wapi, huku msaada ukiitwa. Mchezaji anayesema "Gramu 1 ya asidi ya traneksami kwenye mshipa, taratibu kwa dakika kumi, kwa kuwa bado tumo ndani ya saa tatu tangu ajifungue" ameshapiga zoezi lake la siku hiyo, sahani ya maharage ikiwa bado mbele yake.

Dadu ina kazi moja, na hapa ninasisitiza. Haiamui iwapo matibabu sahihi yamefaulu. Mchezo ukifanya hivyo unafundisha kwamba tiba ni bahati nasibu. Dadu huamua yale ambayo kweli hayako mikononi mwetu: je, mtandao wa simu upo? Gari la wagonjwa limekwisha kwenda safari nyingine? Umeme ulikatika usiku, na oksitosini, ambayo yapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, imekaa kwenye joto muda gani? Ikitoka moja au mbili, msimulizi analeta kikwazo. Ikitoka tano au sita, njia ni nyeupe. Katikati, mambo ni nusu kwa nusu: dereva yupo, lakini mafuta hayatoshi kupanda mlima.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko katika kusema. Mdoli huzoeza mikono. Meza huzoeza ulimi. Wengi wetu tumelelewa kutomkosoa mkubwa, na adabu hiyo ni njema mpaka dakika ile mkubwa anaposahau jambo. Mezani, muuguzi kijana anaweza kujaribu maneno kabla hajayahitaji: "Samahani, Dokta, damu imepita kipimo na mapigo ya moyo ni 124. Naomba tuite gari sasa." Ni sentensi fupi yenye heshima, yenye namba, na inayoomba jambo moja. Anayejibu naye huzoea kurudia alichosikia: "Nimesikia, Sista. Mapigo 124. Naita gari." Wabadilishaneni nafasi. Daktari bingwa akicheza mama mkwe, huku mhudumu akicheza daktari, atasikia jinsi maneno yetu ya kitaalamu yanavyomwangukia mtu aliyesimama mlangoni ameshika kanga ya mkwewe. Tahadhari tu mama mkwe huyo asifanywe kichekesho. Sumbawanga imebebeshwa masimulizi ya uchawi ya kutosha. Katika mchezo wetu mama mkwe ana sababu zake, na mara nyingi ndiye mwenye fedha ya nauli.

Mipaka

Mapumziko ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau dakika 60 baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo. Kwa hiyo mchezo huu ni wa hiari, hauna karatasi ya mahudhurio, na hauzidi dakika 20. Anayetaka kula kimya au kucheza drafti aachwe. Mkuu wa kituo akianza kuwapa wachezaji alama, mchezo umekufa na mtihani umezaliwa.

Mgonjwa wa mezani awe wa kubuni kabisa. Katika mji mdogo, kubadilisha jina pekee hakumfichi mtu. Pia mfululizo ulio karibu mno na kifo kilichotokea juzi wodini usichezwe. Ufiwa wa wafanyakazi una mahali pake, na si kwenye dadu. Kwa siku kama hizo kuna hadithi nyingine: kipindupindu bondeni, mtu aliyeumwa na nyoka shambani.

Wagonjwa na familia nao wanaweza kuucheza, bila dawa wala vipimo. Kwenye kliniki ya wajawazito, au nyumbani jioni, familia ijiulize kama msimulizi anavyouliza: uchungu umeanza saa nane usiku, baba yuko safarini. Nani anaamua? Nani anapigiwa simu kwanza, na salio lipo? Nani anabaki na watoto? Nani yuko tayari kutoa damu? Kuchelewa kuamua kwenda na kuchelewa kufika huanzia nyumbani kabla sisi wa hospitali hatujaongeza kuchelewa kwetu, na ni nyumbani tu kunakoweza kurekebishwa kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Dakika tano za mwisho msimulizi haulizi nani amekosea. Anauliza: tumegundua nini ambacho kipo pia katika kituo chetu? Jibu moja huandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa muuguzi kiongozi mchana huo huo. Mara nyingi ni jambo dogo sana, kama vile ufunguo wa kabati la dawa hukaa na nani usiku.