Watu Wawili wa Kilifi na Kinga Ambayo Vitabu Havikuijua

Majina yao hayatajwi popote, na ndivyo taratibu za utafiti zinavyotaka. Tunachojua ni kwamba ni watu wazima wa Kilifi, kwamba wameishi na malaria na malaria haikuwamaliza, na kwamba siku moja walinyoosha mkono wakatolewa damu. Walikuwa miongoni mwa watu zaidi ya mia tano waliokubali kufanya hivyo. Ndani ya damu yao mlikuwa na kinga ya namna ambayo vitabu vya elimu hiyo havikuwa nayo.

Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la Nature mwanzoni mwa 2016. Kiliandikwa kwa lugha ya wataalamu, na huku Pwani kilipita kimyakimya. Kinastahili kusimuliwa taratibu.

Kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huivisha chembe ile kwa nje protini zake chenyewe. Familia moja ya protini hizo huitwa RIFIN, na kimelea kina zaidi ya jeni mia moja za kuzitengeneza. Mwili ukiitambua moja, kimelea huvaa nyingine. Ndiyo maana mtoto huugua, akapona, kisha mvua zikirudi akaugua tena. Kingamwili moja yenye uwezo wa kuzishika chembe zilizovamiwa na vimelea vya asili nyingi ilitafutwa kwa muda mrefu bila kupatikana. Kwa hiyo watafiti wakachukua damu ya wale watu mia tano na ushei, wakatenga maji yake, wakayatia kwenye mchanganyiko wa chembe zilizovamiwa na vimelea mbalimbali, kisha wakatazama ni ya nani itakayozikusanya zote zikagandana. Ya wengi haikuweza. Ya wachache sana iliweza.

Wawili kati ya hao wachache wakachunguzwa hadi ndani ya seli, na hapo ndipo maajabu yalipo. Kwa kila mmoja wao, kingamwili zile zote zilitoka katika ukoo mmoja tu wa seli B, yaani seli zilizozaliana kutokana na mzazi mmoja. Ndani ya jeni ya seli hiyo, ile inayotengeneza kingamwili, mlikuwa na kipande kigeni kilichohamia kutoka kromosomu nyingine kabisa, kromosomu ya 19. Kipande hicho ni cha jeni iitwayo LAIR1. Kazi yake ya kila siku ni kuzituliza seli za kinga: hukaa juu ya seli hizo, hushikana na protini ya mwili iitwayo kolajeni, na huzizuia zisije zikamshambulia mwenyewe. Sehemu iliyohama ilikuwa nzima, yenye amino asidi 98. Baada ya kuhama ikaanza kubadilika kidogo kidogo, ikaacha kushika kolajeni, na nguvu yake ya kuzishika RIFIN ikaongezeka.

Kwa nini kipande hicho na si kingine? Mwaka 2017 watafiti wengine walionyesha kwamba baadhi ya RIFIN hushikana na LAIR1 iliyo juu ya seli zetu ili kuzipooza. Ni kama mwizi aliyechonga ufunguo wa kufuli la nyumba, na mwenye nyumba akaling'oa kufuli lile lile akalifunga kwenye mtego.

Kazi hiyo waliifanya Joshua Tan na wenzake katika maabara ya Antonio Lanzavecchia kule Bellinzona, Uswisi, pamoja na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wa Kilifi, akiwemo Abdirahman Abdi. Utafiti uliofuata ulikuta kingamwili za namna hii kwa watu kati ya asilimia 5 na 10 katika maeneo yenye malaria. Katika matatu moja iliyojaa abiria kutoka Malindi kwenda Mombasa, huenda yumo mmoja.

Kuzichunguza seli za namna hiyo kuna kikwazo: seli B ikitolewa mwilini haidumu. Ili iendelee kuishi na kutengeneza kingamwili, maabara ya Lanzavecchia iliiambukiza kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kina asili ya huku kwetu kwa namna yake: kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani kutoka Uganda, saratani ya taya ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago aliieleza. Leo ndicho kinachohifadhi uhai wa seli za watu walioyashinda magonjwa mengine. Zaidi ya hapo, Desemba 2022 Ulaya iliidhinisha tiba ya Ebvallo, ambayo ni seli T hai za mtu mwenye afya ambaye mwili wake ulishakishinda kirusi hicho hicho, nazo hupewa mgonjwa aliyepandikizwa kiungo au uboho na kinga yake ikalemewa.

Wazo la kumtibu mgonjwa kwa kinga ya aliyepona ni la zamani. Mwaka 1961, huko Gambia, watoto wenye malaria walichomwa kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wazima, na vimelea vikapungua. Miaka miwili baadaye ilichapishwa taarifa ya watoto wa Afrika Mashariki waliotibiwa kwa kingamwili za watu wa Afrika Magharibi. Lakini jaribio la Malawi lililochapishwa 1992, kwa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo, halikuonyesha faida. Je, tatizo lilikuwa kwamba kingamwili za kila aina zilichanganywa pamoja, zile kali zikazama kati ya zile dhaifu? Au mtoto akishafika hapo, hakuna kingamwili itakayomwahi?

Kinga hiyo ya watu wazima ndiyo pia inayomshughulisha Profesa Faith Osier, mtafiti wa malaria. Alifika Kilifi mwaka 1998 akiwa daktari kijana, wodi za watoto zikiwa zimejaa homa, upungufu wa damu na degedege. Katika hotuba zake, ikiwemo ile ya TED ya mwaka 2018, amekuwa akirudia hoja ile ile kwa subira ya mwalimu: watu wazima wa maeneo haya hubeba vimelea na wasiugue; kwa hiyo kinga dhidi ya malaria inawezekana, na mfano wake hai tunaishi nao. Anachodai ni kwamba chanjo zimejengwa juu ya protini chache mno kati ya maelfu ya kimelea, na kwamba njia ya busara ni kuiuliza damu ya waliokingika inalenga nini. Kwa ajili hiyo yeye na Gathoni Kamuyu na wenzao walitengeneza kibao cha kupimia chenye protini zaidi ya mia moja za malaria kwa pamoja. Wakakiita KILchip, kwa heshima ya Kilifi.

Osier anazungumza zaidi juu ya chanjo kuliko dawa. Hata hivyo hoja yake ina haraka ambayo wengi hawaioni. Huko Ngerenya, kaskazini ya mkono wa bahari wa Kilifi, malaria ilipungua mno tangu miaka ya 2000, wakati Junju, upande wa kusini, imeendelea kuuma. Watoto wa Ngerenya kingamwili zao zikashuka. Hiyo ni habari njema kwa kila mzazi, na hakuna atakayetaka malaria irudi ili maabara ipate damu. Lakini maktaba hii ya kinga imo ndani ya watu, na watu hao wanazeeka.

Tukitaka kujua kisa kama hiki huishia wapi, tutazame Kongo. Mwaka 1995 mjini Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe aliwatia wagonjwa wanane wa Ebola damu ya waliopona, saba wakaishi. Wakosoaji walisema labda wangepona vyovyote. Mmoja wa manusura wa Kikwit alitoa damu miaka 11 baada ya kuugua, na kutokana na seli zake ikapatikana kingamwili iitwayo mAb114. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa Beni, Butembo na jirani zake, katikati ya vita. Kwa waliopewa dawa hiyo, vifo vilikuwa takribani asilimia 35, ilhali waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walikufa karibu nusu. Waliowahi kufika wakiwa na virusi vichache, alikufa mmoja hivi katika kila kumi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 2020.

Kisha mwaka 2022 Madaktari Wasio na Mipaka wakalalamika kwamba sehemu kubwa ya akiba ya dawa za Ebola imewekwa Marekani, na wagonjwa wengi wa Kongo hawazipati. Damu ilitoka Kikwit. Muyembe mwenyewe alishachoka: aliamua kwamba sampuli zinazokusanywa katika milipuko ya nchini mwake zibaki nchini mwake.

Pwani yetu ina kumbukumbu yake juu ya damu. Hadithi za mumiani, wanyonya damu, ziliwatisha babu zetu, na si haki kuzicheka, kwa sababu zilibeba swali la kweli: anayechukua damu yangu ataifanyia nini, na mimi nitapata nini? Watafiti wa Kilifi wametumia miaka mingi kukaa barazani na wanavijiji kujibu nusu ya kwanza ya swali hilo. Nusu ya pili bado ni nzito. Mtu ambaye seli yake moja imewafundisha wanasayansi jambo jipya kabisa, aitwe mgonjwa, mshiriki, au mshirika?

Hadi leo hakuna dawa iliyotokana na seli za wale wawili. Pengine haitakuwapo, kingamwili yao huenda ikabaki kuwa somo tu. Lakini utafiti unaendelea, na damu itaombwa tena Junju, Chonyi na Malindi. KEMRI, wafadhili na serikali ya kaunti waandike sasa, kwa Kiswahili na Kigiriama, ndani ya fomu ya ridhaa yenyewe: dawa ikipatikana, hospitali za Kilifi na Malindi zitaipata lini, na kwa bei gani.