Stelingi Hafi, Lakini Mgonjwa Wako Anaweza Kufa

Kila mpenzi wa filamu anaijua picha hii. Mgonjwa yuko kitandani, mashine pembeni inatoa mlio mmoja usiokatika, na kwenye kioo chake mstari umenyooka. Daktari anashika vyuma viwili, anavisugua, anaamuru watu wasogee, anavibandika kifuani. Mwili unaruka. Kimya. Anarudia, na sasa mstari unapanda na kushuka, mgonjwa anafumbua macho, ndugu wanakumbatiana. Tumeiona sebuleni, kwenye mabasi ya mikoani na kwenye vibanda umiza, hadi tumeamini kwamba ndivyo mtu anavyorudishwa kutoka mlangoni mwa kifo.

Sivyo. Mstari ulionyooka maana yake umeme wa moyo umezimika, na mashine ya vile vyuma viwili haiwashi moyo uliozimika. Imetengenezwa kwa moyo ambao umeme wake umevurugika, misuli yake ikitetemeka ovyo bila kusukuma damu. Mshtuko huikatisha vurugu hiyo ili moyo upate nafasi ya kurudi kwenye mapigo yake wenyewe. Ndiyo maana mashine ndogo za aina hiyo zinazowekwa kwenye viwanja vya ndege husoma mapigo kwanza, na zikikuta mstari umenyooka hazitoi umeme. Mgonjwa huyo anahitaji kukandamizwa kifua, kupewa adrenalini na kutafutiwa haraka chanzo cha moyo kusimama.

Mwaka 1996, Susan Diem na madaktari wenzake wawili wa Marekani walichapisha utafiti katika jarida la New England Journal of Medicine. Walikuwa wametazama vipindi 97 vya runinga, vikiwemo vya tamthilia maarufu ya ER, na kuhesabu wagonjwa 60 waliofanyiwa juhudi za kurudisha mapigo ya moyo. Asilimia 75 waliamka, na asilimia 67 walionekana kupona hadi kutoka hospitali. Wengi wao walikuwa watoto na vijana. Katika maisha halisi, wengi wanaosimama moyo ni watu wazima na wazee wenye maradhi ya muda mrefu, na huko huko Marekani, moyo ukisimama nje ya hospitali, anayepona ni takriban mmoja kati ya kumi.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Ndugu aliyefundishwa na runinga kwamba katika wagonjwa wanne watatu huamka, akiambiwa mzee wake hakuamka, ataona hospitali imezembea tu. Hata ukandamizaji wenyewe unaigizwa vibaya. Mwigizaji hukunja viwiko na kugusagusa kifua, kwa sababu akikandamiza kweli atamuumiza mwenzake aliye mzima. Mtazamaji anaondoka na picha ya mikono laini, wakati moyo uliosimama unataka nguvu ambayo wakati mwingine huvunja mbavu.

Nani anajali ikiwa stelingi anaruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine na risasi hazimpati? Hakuna mtu mzima atakayejaribu. Uongo wa hatari kwenye filamu ni ule unaoigika, ule ambao mtu wa kawaida anaweza kuurudia nyumbani kwake siku ya shida, akidhani anaokoa.

Chukua suala la nyoka. Kwenye filamu, mtu akiumwa, mwenzake huchanja jeraha kwa kisu, hunyonya damu, huitema, na safari inaendelea. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ambamo watu waliojitolea walidungwa mguuni kimiminika kisicho na madhara badala ya sumu, kisha kikanyonywa kwa pampu iliyotengenezwa na kuuzwa kwa kazi hiyo. Pampu ilitoa asilimia 0.04 tu, yaani sehemu nne katika elfu kumi. Kama pampu imeshindwa, mdomo utaweza nini? Kuchanja ni kubaya zaidi, kwa sababu sumu ya nyoka kama kifutu huharibu nyama na inaweza kuvuruga kuganda kwa damu.

Kwetu hili si jambo la mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakiwa wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Anayeumwa hahitaji kisu, kamba ya kukaza mguu wala jiwe la nyoka. Atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, mguu au mkono ufungwe kwenye kijiti usichezeshwe, kisha apelekwe haraka kwenye hospitali yenye dawa ya kupambana na sumu. Kila dakika ya kunyonya ni dakika iliyoibwa kwenye safari hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kifafa. Katika filamu nyingi za Kinigeria na za hapa kwetu, anayeanguka na kutoa povu amepagawa na mapepo au amerogwa, na tiba yake ni mganga au maombi. Tamthilia za hospitali za Marekani nazo zimewahi kuchunguzwa na watafiti wa Kanada, na karibu nusu ya matukio ya degedege yalihudumiwa isivyofaa: mgonjwa anabanwa asitikisike, au anaingizwa kitu mdomoni.

Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako kifafa ni kingi kuliko kawaida, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo watafiti wanahusisha sehemu kubwa ya kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito. Minyoo ina dawa, na kifafa kina dawa. Lakini jirani aliyefundishwa kwamba povu ni la pepo, au kwamba linaambukiza, huogopa kumvuta mgonjwa hata akiwa ameangukia moto. Watu wamebaki na makovu ya maisha kwa hofu hiyo.

Wapo watakaosema filamu ni burudani, si darasa. Lakini burudani na ukweli vinaweza kukaa pamoja. Steven Soderbergh alipotengeneza Contagion mwaka 2011, alimshirikisha mtaalamu wa virusi Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia, na filamu ikasisimua bila kupotosha sayansi. Mwaka 2012, shirika la British Heart Foundation lilimtumia Vinnie Jones, mchezaji wa zamani wa soka aliyegeuka mwigizaji wa majambazi, kuonyesha jinsi ya kukandamiza kifua kwa mdundo wa wimbo wa Bee Gees. Watu walicheka, na wakajifunza.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Watayarishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, muulizeni muuguzi au daktari kabla ya kurekodi tukio la ugonjwa. Itawachukua mchana mmoja tu. Nanyi mnaotia Kiswahili kwenye filamu za nje, mlioifuata njia ya Lufufu na DJ Afro, sauti yenu inasikika kuliko ya stelingi mwenyewe. Akinyonya sumu, ongezeni sentensi moja: hii msiige.

Nawe msomaji, shika haya. Mtu mzima akianguka, haitiki wala hapumui, ita msaada, weka viganja katikati ya kifua, nyoosha viwiko, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Wa kifafa mwondolee vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, na degedege likiisha mlaze ubavu; likizidi dakika tano, mpeleke hospitali. Chama cha Msalaba Mwekundu kinatoa mafunzo ya huduma ya kwanza Tanzania na Kenya. Nenda ukajifunze kabla siku ya shida haijafika nyumbani kwako.