Nakshi za bunduki za kuwindia: namna ya kuzisoma



Neno nakshi kwetu ni la mlango, la kofia na la ala ya jambia. Ni wachache wanaolitumia kwa bunduki. Lakini aliyepita London penye maduka ya bunduki za kuwindia atakuwa ameona chuma kilichojaa maua na majani toka mwanzo wa mtambo hadi mwisho, na bei ya kumfanya mtu aisome mara mbili. Bunduki mpya ya marisau ya Purdey, ya mitutu miwili, inapita pauni laki moja. Watu husema ati hao wanalipia mapambo. Mimi naona mapambo yale ni kama maandishi, na anayejua kuyasoma si rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza tutofautishe kazi mbili. Sonara wa Nizwa anapopamba ala ya jambia, bamba lake la fedha ni jembamba na laini. Hulisukuma kwa nyundo na tindo butu mpaka mchoro uinuke. Fundi wa bunduki yeye anakata. Chuma kimebanwa kwenye jiliwa, mkononi ana kalamu ya chuma kigumu iliyonolewa ncha, na kila mstari ni unyuzi wa chuma ulioondoka, haurudi tena. Mistari mikubwa huigonga kwa tindo na kinyundo kidogo. Ile myembamba huisukuma kwa nguvu ya kiganja, jicho likiwa kwenye kioo cha kukuzia.

Na hukata chuma kikiwa bado laini. Akishamaliza, kwa bunduki nyingi za Kiingereza, mtambo hufungiwa ndani ya kasha pamoja na makaa ya mkaa na ya mifupa, ukapashwa moto mpaka uwe mwekundu, kisha ukatumbukizwa majini. Uso wa chuma unakuwa mgumu sana, na hapo ndipo zinapotoka zile rangi za bluu, kahawia na zambarau, mithili ya mafuta juu ya maji. Si rangi ya kupakwa. Ni ngozi nyembamba ya chuma chenyewe, na ikiondoka imeondoka. Baada ya moto huo kalamu ya kawaida haiingii tena, kwa hiyo fundi anayekosea lazima awe amegundua mapema.

Kwani faida yake nini? Jibu la wawindaji ni kwamba chuma kilichosuguliwa humeta juani na ndege akakimbia, ilhali mistari huuvunja mng'aro. Kuna ukweli, ila wa nusu, maana kazi hiyo ingefanywa na chuma kilichotiwa weusi tu. Ukweli mwingine ni fahari ya mwenye mali, na sioni haja ya kuuonea haya.

Kila nyumba ina mwandiko wake. Purdey (tangu 1814) wanajulikana kwa vikonyo vidogo vidogo vilivyojikunja kama vya mmea wa boga, vimesongamana, na katikati mashada ya mawaridi. Holland & Holland (tangu 1835), kwenye bunduki yao iitwayo Royal, hutumia majani makubwa yaliyokatwa kwa kina. Mjuzi huitambua nyumba kabla hajasoma jina. Na jina analolisoma ni la nyumba, si la fundi! Hili ndilo linalonisumbua katika habari nzima. Kwa miaka mingi kazi hizi za London zilipelekwa kwenye karakana ndogo za nje. Harry Kell alikuwa na karakana ya namna hiyo, na ndiko kijana Ken Hunt, wa miaka 15, alikopelekwa na Purdey mwaka 1950 kuwa mwanagenzi. Baadaye Hunt alijulikana kwa jina lake mwenyewe, wateja wakamfuata yeye. Waliomtangulia wengi hawakuwahi kuweka hata herufi moja juu ya kazi yao.

Waitaliano wa Gardone Val Trompia walikwenda njia nyingine. Bonde hilo ni la bunduki toka zamani. Beretta wana hati ya mwaka 1526 ya mitutu (kasiba, wangesema wazee wetu) waliyoiuzia Venezia. Huko ndiko ilikostawi kazi iitwayo bulino: vidoti na mistari myembamba mno, maelfu kwa maelfu, mpaka ndege aonekane kama picha ya kamera. Firmo Fracassi ni bingwa wake mmoja, na kazi za mabingwa hao huwa na sahihi. Ajabu ya kazi, lakini ina udhaifu: mikato ni ya juu juu sana, na kuisugua sugua kunaifuta.

Dhahabu nayo ina habari yake, na hapa sisi tunaguswa kidogo. Namna moja ni kuchimba mfereji ambao chini ni mpana kuliko juu, kisha waya wa dhahabu ukagongwa ndani ukajibana wenyewe. Namna ya pili ni kuukwaruza uso wa chuma kwa mistari ya kupishana, halafu uzi wa dhahabu ukagongwa juu yake ukashika. Hii ya pili kwa lugha za Ulaya imepewa jina la mji wa Dameski, manake mafundi wa nchi za Kiislamu ndio waliosifika nayo. Huko Eibar, mji wa bunduki nchini Hispania, Plácido Zuloaga (1834–1910), mtoto wa fundi bunduki, aliifikisha kileleni, akichota michoro kutoka Alhambra. Mwanawe Ignacio ndiye yule mchoraji maarufu.

Sasa kusoma kwenyewe. Chukua kioo cha kukuza mara kumi. Mstari wa mkono huanza mwembamba, ukanenepa kwenye kona, ukaisha kwa ncha, na kuta zake zinang'aa kwa sababu zimekatwa na ncha kali. Mstari wa leza au wa asidi una kina kilekile mwanzo hadi mwisho, na chini yake ni kijivu chenye mikwaruzo. Mchoro uliogandamizwa kwa mashine mara nyingi huwa na kingo zilizovimba, kwa vile chuma kimesukumwa, hakikuondolewa. Siku hizi zipo pia kazi zilizoanzwa na mashine zikamaliziwa kwa mkono. Si haramu, mradi muuzaji aseme.

Kisha tazama skrubu. Kwenye bunduki nzuri ya Kiingereza mifereji yote ya skrubu inaelekea upande mmoja na mtutu, na nakshi inapita juu ya kichwa cha skrubu bila kukatika. Ukiona ua limekatika nusu, au mfereji umepinda na kutafunika, basi jua bunduki ilifunguliwa na mtu asiye na bisibisi yake. Mwisho tazama ukali wa mikato. Nakshi iliyofifia sawasawa kila mahali, huku rangi zikiwa mpya kabisa, ni dalili kwamba uso ulisuguliwa kisha ukatiwa moto upya ili uonekane wa ujana.

Kwa wale waliorithi bunduki ya babu: msiguse dawa ya kung'arishia shaba, hiyo ni msasa wa majimaji. Kitambaa laini kisicho na vumbi na tone la mafuta mepesi vinatosha. Kwenye mikunjo piteni na brashi laini, na skrubu waachieni mafundi.