Mugonjwa wa Ukimwi Anahitaji Mikono Yetu

Kama nyumbani kwako kuko mugonjwa wa ukimwi, usimutengee sahani. Kula bukari pamoja naye ao kumushika mukono hakuambukizi. Penye damu tu, funika mikono yako kwa plastiki.

Akikosa nguvu, muulize kwanza: «Baba, unapenda nani akuogeshe?» Kwetu mama mukwe hawezi kuogesha mukwe wake mwanaume. Haya nayo inaumiza kama ugonjwa. Basi muite ndugu yake.

Dawa za ARV anywe kila siku, hata akijisikia muzima. Akiziacha, virusi vinarudi na nguvu. Ombeni pamoja naye, lakini maombi yasimuachishe dawa. Anayezifuata vizuri anaweza kurudia kazi, kulea watoto, na kuzeeka.